Sauti zilizotoka ndani ya alama za kunukuu

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wa Tanga. Ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu wangu. Nafundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wakisoma riwaya za zamani za Waingereza wanakutana na mabwana, majumba makubwa na ugomvi wa mirathi. Wakishika za miaka ya karibuni wanamkuta mlevi wa Glasgow, kijana wa Trinidad aliyepotea London, mzee wa Unguja uwanja wa ndege. Wananiuliza katikati palitokea nini. Vitabu vya kiada vinajibu kwa maneno matatu, 'mabadiliko baada ya vita', basi. Ni mabadiliko gani hasa, na yaliingiaje mpaka ndani ya sentensi?"

Marahaba, mwalimu. Umemalizia na neno "sentensi", na hapo ndipo ningekupeleka hata usingelitaja. Wengi wanaoeleza jambo hili huorodhesha mada: tabaka, uhamiaji, wanawake. Mada hizo ni kweli zipo, lakini haziwezi kukupa jibu zenyewe, maana vibarua, wajakazi na watu weusi walikuwamo tele katika vitabu vya Waingereza tangu zamani. Angalia walivyokuwamo. Msimulizi anasema Kiingereza kilichonyooka, cha watu waliosoma. Kibarua anafungua kinywa, lahaja yake inaandikwa kwa herufi zilizokatwakatwa, msomaji anatabasamu au anasikitika, alama za kunukuu zinafungwa, na msimulizi anaendelea na Kiingereza chake. Kibarua amewekwa humo ndani kama kuku kwenye tenga. Baada ya 1945 watu wa namna hiyo walianza kutoka ndani ya alama zile na kuushika usimulizi wenyewe. Hilo ndilo badiliko ninalotaka ulipeleke darasani, na kila aliyetoka kuna mlango alioupitia, na milango mingi ina tarehe.

Mlango wa kwanza ni shule. Vita vikiwa bado vinapiganwa, mwaka 1944, bunge lilipitisha sheria ya elimu iliyofanya sekondari za serikali kuwa bure katika England na Wales. Kabla ya hapo mtoto wa mchimba makaa au wa mfanyakazi wa kiwandani kwa kawaida aliacha shule akiwa na miaka 14 akaenda kazini. Sekondari nzuri zilidai ada, na nafasi chache za bure ziligombewa na wengi. Sasa mtoto aliyefaulu mtihani wa umri wa miaka 11 aliingia shule teule, zile zinazoitwa grammar, bila baba yake kutoa senti. Mtihani ule uliwatupa nje watoto wengi zaidi ya uliowaingiza, na machungu yake yapo mpaka leo kwa waliofeli. Lakini waliopita walitoka katika nyumba ambazo hapo nyuma hazikuwahi kutoa mtu wa kuandika vitabu. Kuanzia 1962 halmashauri zikalazimika pia kuwalipia vijana wa chuo kikuu ada na posho ya kuishi.

Mtazame mmoja wao kwa karibu. Tony Harrison alizaliwa Leeds mwaka 1937, baba yake mwoka mikate. Akapata nafasi Leeds Grammar School. Katika shairi lake moja anaisimulia siku aliposimama darasani kusoma shairi la Keats kwa sauti. Alifika neno la nne. Mwalimu akamkatiza kwa sababu neno "moyo" lilitoka na lafudhi ya nyumbani kwao, akamwita mshenzi, akamwambia yeye ni miongoni mwa wale ambao Shakespeare amewapa vipande vya kuchekesha, vilivyoandikwa kwa nathari. Na kweli, kwenye Macbeth alipewa kuigiza bawabu mlevi. Unaona, mwalimu? Ni tenga lilelile. Shule ilimfungulia mlango, na alipoingia tu ikamwonyesha kona ya kukaa. Katika sehemu ya pili ya shairi, Harrison anatangaza kwamba yeye na watu wake watalikalia shamba la ushairi kwa nguvu, na kwamba atatumia jina lake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe. Anafanya hivyo ndani ya beti zenye mizani na vina vya soneti, aliyoongezea mistari miwili ikawa 16. Kitu cha mabwana kimejazwa matamshi ya Leeds.

Elimu ile ilikuwa na gharama yake nyumbani. Shairi lake jingine linamweka sebuleni na baba yake siku mama alipokufa ghafla. Wanatafuna polepole pai ya matufaha aliyoioka siku ileile. Baba hana la kusema, mwana msomi hana la kusema, wameketi huku na huku ya moto kama vile vyuma viwili vinavyozuia vitabu visianguke rafuni. Kilichowatenga, anasema, si miaka thelathini na ushee iliyo kati yao. Ni vitabu. Nimeshalisoma na wanafunzi wa miaka mingi, na kila mwaka kuna mmoja anayeinamisha kichwa, kwa sababu naye ndiye wa kwanza kusoma kwao.

Ireland ya Kaskazini ilikuwa na sheria yake ya elimu ya mwaka 1947, na ndiyo iliyompeleka sekondari Seamus Heaney, mtoto wa mkulima. Yeye mwenyewe alikataa kuitwa mshairi wa Uingereza, kwa hiyo darasani usimweke kwenye orodha bila kulisema hilo.

Usidhani lakini kwamba shule ndiyo iliyotoa kila mtu. Alan Sillitoe wa Nottingham aliacha shule na miaka 14 akaenda kiwanda cha baiskeli cha Raleigh. Alipokuwa na jeshi la anga huko Malaya, koloni la Waingereza ambalo leo ni sehemu ya Malaysia, alipata kifua kikuu, akalazwa muda mrefu hospitali ya jeshi, na huko ndiko alikosoma vitabu kwa kufidia miaka yote. Akatolewa jeshini na pensheni. Pensheni hiyo ndogo ndiyo iliyomlisha Ufaransa na Hispania alipokuwa anajifunza kuandika. Dola iliyokuwa inaanza kumtunza raia wake mgonjwa ilimnunulia mwandishi muda, ingawa haikuwa imekusudia hivyo. Riwaya iliyotokana na hayo, Saturday Night and Sunday Morning ya 1958, inamfuata Arthur Seaton, kijana wa mashine ya kerezo anayelipwa kwa idadi ya vipande. Kuna kurasa pale mwanzoni ambazo nazipenda kuliko zile za ulevi na wanawake zilizokifanya kitabu kivume. Arthur anapima mwendo wa mikono yake. Akikata vipande haraka mno, mkaguzi wa viwango atakuja na kupunguza malipo ya kila mia. Akilegea, mfuko utapungua Ijumaa. Basi anatafuta mwendo wa katikati, na mikono ikishazoea, akili yake inaachiliwa kwenda inakotaka. Riwaya nzima imo katika akili hiyo iliyoachiliwa. Mwandishi ambaye hajasimama mbele ya mashine angeandika uchovu na kelele. Asingejua kwamba kuna hesabu.

Jukwaani mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Tarehe 8 Mei 1956, ukumbi wa Royal Court mjini London ulifungua tamthilia ya John Osborne, Look Back in Anger. Pazia linafunguka kwenye chumba cha darini siku ya Jumapili, wanaume wawili wanasoma magazeti na mwanamke anapiga pasi. Meza ya kupigia pasi! Watazamaji waliozoea sebule zenye milango ya vioo inayoangalia bustani walishtuka kuiona. Jimmy Porter amesoma chuo kikuu na anauza peremende kwenye kibanda sokoni. Hasira yake yote ni ya mtu aliyepewa elimu halafu akakuta viti vyote vimeshakaliwa. Baba mkwe wake ni kanali aliyerudi kutoka India mwaka 1947, mzee mpole asiyeelewa tena nchi aliyoirudia. Miezi michache baadaye mwaka huohuo, vita vya mfereji wa Suez, Uingereza ilipoivamia Misri ikalazimika kuondoka, vikawaonyesha Waingereza wote kwamba kanali yule hakuwa peke yake. Ila nitakuambia la moyoni: Jimmy anamtesa mkewe kwa maneno muda wote wa mchezo, na mke anaendelea kupiga pasi. Kwa mwanamke aliyeketi ukumbini, alama za kunukuu zilikuwa bado zimefungwa. Shelagh Delaney wa Salford, binti wa miaka 19, aliandika A Taste of Honey mwaka 1958, na humo mama na binti yake hawaachii mtu mwingine neno. Ningewapa wanafunzi hiyo kabla ya ya Osborne.

Mlango mwingine ni mahakama. Mwaka 1960 kampuni ya Penguin ilishtakiwa kwa kuchapa riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover, ambayo ni ya mwaka 1928, kwa shilingi tatu na nusu. Bei hiyo ishike, kwa sababu ndiyo iliyokuwa shida. Kitabu cha ghali cha matajiri kingeweza kuvumiliwa. Cha bei ya pakiti ya sigara kingefika kwa kila mtu. Wakili wa serikali aliwauliza wazee wa baraza kama wangependa wake zao au watumishi wao wasome kitabu hicho. Miongoni mwa wazee hao walikuwamo wanawake watatu. Tarehe 2 Novemba 1960 Penguin ikaachiwa huru. Swali la wakili yule linakupa picha ya zamani yote kwa pumzi moja: msomaji ni bwana, wengine wanasomewa. Mwaka 1968 ukaguzi wa tamthilia uliokuwa mikononi mwa ofisa wa kasri la mfalme nao ukafutwa, na mapenzi ya wanaume kwa wanaume, yaliyokuwa jinai katika England na Wales hadi 1967 hata baina ya watu wazima waliokubaliana faraghani, yakapata taratibu waandishi wake.

Sasa tuje kwenye mlango wa bahari, ambao najua ndio wanafunzi wako wanaoutaka. Weka tarehe tatu ubaoni. Tarehe 22 Juni 1948 meli ya Empire Windrush ilishusha abiria Tilbury, karibu na London, mamia yao wakitoka Jamaika, Trinidad na visiwa jirani. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo huduma ya afya ya taifa ilianza kazi, matibabu bure kwa kila mtu. Tarehe 30 Julai sheria mpya ya uraia ilipata sahihi ya mfalme, nayo ikawapa watu wa makoloni uraia uleule wa Waingereza na haki ya kuingia na kukaa. Hizo hazifiki hata wiki sita. Nchi iliyobomolewa na mabomu ilihitaji mikono ya kuendesha mabasi, kusafisha wodi na kujenga nyumba, na sheria ikasema mikono hiyo ni ya raia. Waliofika waliamini. Shuleni kwao walikuwa wamefundishwa mashairi ya Kiingereza na historia ya wafalme. Walidhani wanakwenda nyumbani kwa mama. Kwenye madirisha ya vyumba vya kupanga wakakuta vibao vya kuwakataa.

Samuel Selvon alitoka Trinidad mwaka 1950, katika meli moja na George Lamming wa Barbados. Alipotaka kuandika juu ya vijana wenzake wa London alianza kwa Kiingereza sanifu. Kikagoma. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba pale alipoacha hata msimulizi aseme kama watu wa visiwani wanavyosema, kazi ilitiririka. Ndiyo The Lonely Londoners ya 1956, mwaka uleule wa meza ya pasi.

Fungua ukurasa wa kwanza. Jioni ya baridi, ukungu umeulalia mji, na Moses anarukia basi namba 46 kwenda stesheni ya Waterloo kumpokea mtu asiyemjua, kwa sababu kuna mtu kwao aliyemwandikia barua amsaidie. Garimoshi la abiria wa meli linaingia. Mgeni anashuka na suti nyepesi ya nchi za joto, hatetemeki, anashangaa tu kwamba moshi unatoka kinywani mwake akisema. Moses anamuuliza mizigo iko wapi. Hana mizigo. Mswaki uko mfukoni, vingine atanunua akianza kazi. Moses anamtazama kwa mshangao na kumpa jina la shujaa wa hadithi za kale za mfalme Arthur: Sir Galahad. Mimi huwa nasoma ukurasa huo nikiwa na hamu ya kucheka na kitu kimekwama kooni, maana mswaki ule ni imani yote aliyokuwa nayo.

Mbele kidogo katika kitabu, Galahad, ambaye ameshatukanwa vya kutosha mitaani, anautazama mkono wake na kuusemesha ule weusi wenyewe. Anailaumu rangi kama mtu anavyomlaumu rafiki anayemharibia sifa: si mimi, ni wewe. Ingekuwa riwaya ya zamani, msimulizi angekuja hapa kutufasiria kwa Kiingereza cha chuoni maana ya jambo hili. Selvon hamwiti. Msimulizi wake anasema kama Galahad, kama Moses, na ukifumba macho huwezi kujua mhusika anaishia wapi na msimulizi anaanzia wapi. Kisha kunakuja majira ya kiangazi, kurasa kadhaa za sentensi moja isiyo na nukta wala mkato, mapenzi na jua na mabustani ya London yakipita kwa pumzi moja. Mji ule umeandikwa mara elfu, na hapa unasemwa kwa ulimi ambao haujawahi kuusema kitabuni.

Waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Linton Kwesi Johnson, aliyeletwa kutoka Jamaika akiwa mtoto mwaka 1963 na kukulia Brixton, mtaa wa London, aliandika mashairi yake kwa tahajia ya matamshi yenyewe, hata jina la nchi akaliandika kama linavyotamkwa kwao. Mwaka 2002 mashairi hayo yaliingia katika mfululizo wa vitabu bora vya kisasa vya Penguin. Ni kampuni ileile ya kesi ya shilingi tatu na nusu.

Kuna mtu mmoja ambaye milango yote hii inakutana kwake, na vitabu vya kiada humsahau. Buchi Emecheta alizaliwa Lagos mwaka 1944 na kumfuata mumewe London mwaka 1962. Aliandika riwaya yake ya kwanza kwa mkono. Mume akaichoma moto. Akaondoka na watoto wanne na mimba ya wa tano. Akaishi katika nyumba za halmashauri kwa posho ya serikali, akiandika alfajiri kabla watoto hawajaamka, akasoma sosholojia Chuo Kikuu cha London. In the Ditch ilitoka 1972, Second-Class Citizen 1974, na moto ule umo ndani ya hiyo ya pili. Ukitaka kujua ile dola ya kutunza raia ilivyoonekana kutoka chini, soma In the Ditch: foleni za ofisi, maofisa wa ustawi wenye huruma inayochoma, na wanawake wa Kizungu wasio na waume wanaokuwa jirani zake wa kweli. Anaishukuru posho na anaiogopa, kwa sababu anaona inavyomfanya mtu abaki alipo. Mwanamume wa hasira wa miaka ya 1950 hakuweza kuandika kitabu hicho. Kina Mwafrika, mwanamke, maskini na msomi katika mtu mmoja, na anasimulia mwenyewe.

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwenda mbele tu. Milango iliyofunguliwa ilianza kusukumwa ifungwe. Sheria ya 1962 ilipunguza haki ya watu wa Jumuiya ya Madola kuingia. Ya 1968 inatuhusu sisi moja kwa moja: Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walipoanza kuondoka kwa wingi, bunge la London lilipitisha ndani ya siku chache sheria ya kuwazuia wale ambao hawakuwa na mzazi au babu wa nchi ile. Pasipoti mkononi, mlango umefungwa. Aprili mwaka huo mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake Birmingham ya kutisha watu juu ya wageni. Baada ya 1979 serikali ya Margaret Thatcher ilibana upande wa pili: migodi na viwanda vikafungwa, na tabaka lililopata sauti yake kwa Sillitoe likaanza kupoteza kazi zenyewe.

Hapo ndipo wanapoingia Waskoti. James Kelman wa Glasgow alishinda Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka 1994 kwa riwaya ya mtu anayeamka mtaani baada ya ulevi, anapigwa na polisi na kupofuka, na kila kitu, mawazo na usimulizi, kimo katika lugha ya mitaa ya Glasgow na matusi yake. Kelman hatumii kabisa alama za kunukuu. Mmoja wa majaji alikipinga kitabu hadharani, na Kelman akajibu siku ya tuzo kwamba utamaduni wake na lugha yake vina haki ya kuwapo. Miaka 26 baadaye Douglas Stuart, kijana wa Glasgow aliyelelewa na mama mlevi enzi za migodi kufungwa, alipata tuzo hiyohiyo, na amesema wazi kwamba kitabu cha Kelman kilimwonyesha watu wake wamo vitabuni. Mlevi wa wanafunzi wako huyo hapo, mwalimu, na ukoo wake.

Kwa haki lazima niseme kwamba si kila kitu kilianza na vita. Lawrence mwenyewe alikuwa mtoto wa mchimba makaa. Lewis Grassic Gibbon alisimulia riwaya yake ya 1932 kwa mwendo wa Kiskoti. Walikuwapo, walikuwa wachache na wapweke. Baada ya 1945 shule, posho, vitabu vya bei rahisi na meli viliwafanya kuwa wengi, na wakaweza kusomana. Na wapo waliobaki katika jumba kubwa la zamani kwa makusudi. Kazuo Ishiguro, aliyeletwa kutoka Nagasaki akiwa na miaka mitano, aliandika The Remains of the Day mwaka 1989 kwa Kiingereza safi cha mnyapara wa jumba la kifahari. Ni mtumishi, yule aliyekuwa hapewi zaidi ya "ndiyo bwana" ndani ya alama za kunukuu. Sasa anapewa kitabu kizima, na kwa unyenyekevu wake wote tunaona maisha aliyoyapoteza kwa kumtumikia bwana aliyewapendelea Wanazi. Safari yake ni ya Julai 1956, mwezi ambao mfereji wa Suez ulitaifishwa. Halitaji jambo hilo hata mara moja.

Nimemwacha mzee wa Unguja mwisho kwa sababu ni wetu. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, mwaka wa zile tarehe tatu za ubaoni, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa na miaka 18, baada ya mapinduzi. Alifanya kazi ya mhudumu hospitalini Canterbury, ndani ya ile huduma ya afya, kabla ya kuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Kent. Pilgrims Way ya 1988 ina kijana Daud anayefanya kazi hiyohiyo na kuwaandikia barua za kichwani watu wanaomdharau. Barua hazitumwi. Ndiyo usimulizi wa mtu asiyepewa nafasi ya kusema.

Lakini By the Sea ya 2001 ndiyo ningekusihi uisome mistari kwa mistari. Saleh Omar, mzee wa zaidi ya miaka 60, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick, London, na pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa asijionyeshe kwamba anajua Kiingereza. Ofisa uhamiaji anafungua mfuko wake na kukuta kisanduku kidogo, na ndani yake udi wa qamari uliokuja zamani na wafanyabiashara wa msimu wa kaskazi. Ofisa anaunusa, anauliza, anaufanya wake. Ofisa huyo ni mtoto wa wakimbizi wa Romania, na anamweleza mzee kwamba wazazi wake walikuwa Wazungu, walikuwa na haki. Mzee kimya. Anatoa neno la kuomba hifadhi, na hakuna jingine.

Sasa hesabu alama za kunukuu katika sehemu hiyo, mwalimu. Ofisa anazo tele. Anaongea kurasa nzima. Mzee karibu hana kabisa. Na huku nje ya alama hizo, Kiingereza chote cha kitabu, kirefu, cha taratibu, chenye harufu ya ule udi ninaoujua kutoka kwenye chetezo cha bibi yangu, ni cha mzee. Anamsimulia ofisa ambaye anadhani hana lugha. Mpangilio wa zamani umepinduliwa pale mezani: mwenye serikali yumo ndani ya tenga, mkimbizi yuko nje na ndiye anayesimulia. Gurnah alipata Nobel ya fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kwa hiyo darasani waweza kuziweka lugha mbili kando kwa kando.

Kwa kipindi chako cha kwanza usianze na historia. Chukua ukurasa wa kwanza wa Selvon, usome kwa sauti bila kuwaambia ni wa nani, kisha uwaulize: huyu anayesema anatoka wapi, amesoma wapi, na yuko ndani ya hadithi au nje? Waache wabishane. Halafu wape aya ileile ya basi namba 46 waiandike mara mbili, mara moja kwa Kiswahili sanifu cha mtihani, mara moja kwa Kiswahili cha Ngamiani, mtaa wa hapo kwenu Tanga, wanachozungumza wakitoka shule, na msimulizi naye aseme hivyohivyo. Zile karatasi za pili ukiweza nitumie nizisome.